Mjomba Wako Akikutania, Usicheke Kwanza

Mwanangu Sekela,

Nakusikia chumba cha pili unagombana na zipu ya begi. Mimi nimekaa jikoni na kalamu, nimejifungia kama mwanafunzi aliyebakizwa darasani. Baba yako ameshuka Kalenga kukutafutia mahindi mabichi ya kubeba, maana anaamini Mbeya hakuna mahindi. Nimeona nitumie nafasi hii. Nikikuambia kwa mdomo nitapandisha sauti, wewe utasema "mama, basi," na yeye akirudi atatuona nyuso tu atajua tulikuwa tunamsema shemeji yake.

Habari za blanketi, za kula, za wavulana wa chuoni na za kutoamini watu kwenye basi nimeziacha. Umezisikia tangu darasa la saba. Ninachotaka kuandika ni habari za mjomba wako Ambakisye, ambaye kesho utafika kwake Iyunga na kuishi naye muda wote utakaosoma. Unajua sikutaka. Nilitaka ukae hosteli. Wewe na baba yako mlikuwa upande mmoja, mimi peke yangu upande wa pili, nikashindwa. Sijafurahi, na sitajifanya nimefurahi ili barua ipendeze.

Mjomba wako simpendi. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukainama, na simpendi. Wewe unajua nusu ya sababu. Leo nakupa yote, kwa sababu huwezi kumuuguza mtu ambaye hujui alifanya nini, na pia kwa sababu nataka ujue. Sitaki aonekane mtakatifu eti kwa kuwa anaumwa.

Ulikuwa bado mdogo tulipokwenda Mbeya kwenye send-off ya mama yako mdogo Tumpe. Mjomba wako ndiye alikuwa MC. Enzi hizo hakuna sherehe iliyokamilika bila yeye: suti inayong'aa, kipaza sauti mkononi, na mdomo usiokauka. Baba yako alikuwa ameshapungua sana. Shati lilimning'inia. Kwa miezi mingi alikuwa akiamka anakaa ukingoni mwa kitanda na kutazama viatu vyake bila kuvivaa. Nyanya za Kalenga zilioza shambani, naye amekaa juu ya tuta anaziangalia. Mimi niliita uvivu. Kuna siku niliita hivyo mbele yako, na wewe ukaniangalia.

Sasa, tangu nilipoolewa, ndugu zangu wanamtania baba yako kwa kuwa ni Mhehe. Huo utani umeusikia hata shuleni: Mhehe ukimuudhi usimwache peke yake, Mhehe akinuna ficha kamba, eti atajinyonga. Nchi nzima inaucheka. Na ikiwa ni shemeji kwa shemeji ndiyo kabisa, hakuna wa kukataza. Anayetaniwa haruhusiwi kununa, akinuna ameshindwa. Baba yako hakuwahi kununa. Alikuwa akiwajibu kwamba Mnyakyusa akikosa ndizi anaanza kuongea peke yake barabarani, watu wanacheka, maisha yanaendelea.

Jioni ile, kabla Tumpe hajaingizwa ukumbini, baba yako alimfuata mjomba wako uani, kwa wapishi. Katika watu wote alimchagua yeye. Alikuwa rafiki yake. Na kwangu alikuwa ameshajaribu, akaambulia jina la mvivu. Akamwambia, "Shemeji, mi nimechoka kuishi. Si utani."

Si utani! Umekulia huku, unajua maneno hayo yanavyotumika. Mtani akitaka kukuangusha na lile kubwa kuliko yote, anaanza kwa kusema si utani. Mjomba wako alicheka mpaka akashika tumbo, akampiga baba yako begani, akaingia ukumbini moja kwa moja akachukua kipaza sauti.

"Jamaniii! Shemeji yetu wa Iringa kaniambia hapo nje eti amechoka kuishi! Wapishi, ficheni kamba zote, hao mbuzi muwashike kwa mikono!"

Ukumbi ulilipuka. Nami nilicheka, Sekela. Nilikuwa nimevaa sare ya kitenge cha familia, nikapiga na vigelegele. Nilipogeuka kumtafuta baba yako nikamwona amesimama mlangoni, naye anacheka. Alicheka vizuri kabisa, kama inavyotakiwa.

Njia nzima ya kurudi Iringa alikuwa ameegemea dirisha la basi, nikadhani amelala. Na baada ya hapo hakumwambia tena mtu yeyote, mpaka siku ile jirani yetu wa shamba alipomkuta kule chini mtoni, akaelewa alichokusudia, akamshika mkono na kumleta nyumbani kwa miguu bila kumwachia. Hapo sitaongeza kitu. Ulikuwepo alipoingia mlangoni. Lakini hesabu mwenyewe ni muda gani ulipita kati ya ile send-off na siku hiyo, na muda huo wote mtu alikuwa ameshasema, tena ukumbi mzima ulikuwa umesikia kwa spika.

Mjomba wako alipopewa habari alituma ujumbe: "Poleni sana. Mungu ni mkubwa." Na picha ya mikono imekunjwa kusali. Hakuja. Baadaye Tumpe, ambaye hajui kuficha kitu, aliniambia kwamba kwenye harusi fulani huko huko Mbeya kaka yake amerudia ule ule utani wa shemeji aliyechoka kuishi, na watu wamekufa kwa kicheko. Hapo ndipo nilipoanza kumwekea kinyongo.

Nimemwekea miaka, mama. Watu wakisema kinyongo kinamla anayekiweka, mimi kilininenepesha. Nikiwa nauza nyanya pale Ipogolo barabarani, basi likichelewa, nilikuwa napanga. Nilipanga siku atakayomwoza binti yake, nitaomba nafasi ya shangazi kusema machache, nishike kipaza sauti chake mwenyewe, niseme yote, mbele ya wakwe. Nilipanga hata msiba wake. Nitakaa mstari wa mbele, macho makavu, Iyunga nzima waone dada mtu halii. Nilikuwa nafika hadi kwenye rangi ya kanga.

Nirudi kwa baba yako. Baada ya siku ya mto nilijitia kumponya. Nilimwambia, "Jikaze, Baba Sekela, una watoto." Nilimwambia ahesabu baraka zake. Nilileta wamama wa kwaya wakaimba sebuleni, yeye amekaa katikati yao na soda mkononi kama mfiwa, wakamaliza, wakala, wakaondoka, na yeye bado ameshika soda ile ile. Nilimpeleka kumwona jirani aliyepooza ili ajue kuna wenye shida kuliko yake. Alirudi amelemewa na shida mbili, yake na ya jirani.

Hospitalini walituambia ugonjwa unaitwa sonona. Mimi neno hilo lilinikera, lilisikika kama jina la binti wa mtu. Lakini baba yako alilirudia polepole, akasema, "Kumbe ina jina." Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumsikia anatamka jambo ambalo hakuulizwa. Tulipewa dawa, na mimi nikangoja apone kufikia Jumapili. Haikuwa hivyo. Kuna wiki alipanda, kuna wiki alishuka, na alipokuwa akishuka nilikuwa namkasirikia, kana kwamba ananidharau mimi niliyehangaika.

Wewe ndiye uliyejua bila kufundishwa. Ulikuwa unakuja na hesabu zako, unakaa chini umeegemea goti lake, unafanya, unamaliza, unaondoka zako. Hukumuuliza anajisikiaje. Jioni moja nikiwa mlangoni nikamsikia anakuambia, "Hapo umekosea, rudia." Nilirudi jikoni nikalia kwenye moshi ili nisingizie kuni. Baada ya hapo nikaacha kumhubiria. Nikawa namfuata shambani, tunapalilia vitunguu, yeye tuta lake na mimi langu, akitaka kusema anasema, asipotaka tunapalilia tu. Ni kwenye vitunguu hivyo aliponiambia habari ya uani kwa wapishi, na ile "si utani." Nilikuwa sijui kwamba alisema kweli. Akasema, "Nilikuwa nataka mtu mmoja tu anisikilize mpaka mwisho wa sentensi."

Sasa simu. Hii huijui, maana ulikuwa shule.

Mwaka huu mvua zilipokuwa zinaisha, mjomba wako alinipigia. Nilikuwa nimeshasikia kwamba mkewe ameondoka na watoto kwenda kwao Tukuyu, na kwamba ameanza kukataa sherehe, hata zile za watu wakubwa. Sauti yake ilikuwa imekauka. Tukasalimiana, akauliza mvua, akauliza vitunguu. Kisha akasema, "Dada, mwenzio siku hizi nimekuwa Mhehe."

Usidhani sikuelewa. Nilielewa palepale, neno kwa neno. Nilikuwa nimeishi na ugonjwa huo nyumba moja, ningeacha kuutambua? Nikacheka. Nikamwambia, "Haya, basi ficheni kamba huko Iyunga," nikakata simu. Na nilifurahi. Sikupambii. Nikajifunga kanga vizuri, nikaanza kuosha vyombo huku naimba.

Baba yako alikuwa barazani anachambua mbegu. Akauliza, "Nani huyo?"

"Mdogo wangu."

"Anasemaje?"

Nikamwambia, tena kwa madoido, nikaigiza na ile sauti iliyokauka. Hakucheka. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaja. "Nipe simu."

"Ya nini?"

"Nipe simu, Mama Sekela."

Akampigia. Nilisimama na sufuria mkononi nikasikia kila kitu, maana ile simu inapiga kelele. Akasema, "Amba, ni mimi. Aliyecheka si mimi. Hebu sema tena." Nilidhani salio limekwisha. Baba yako akasema, "Sema, nipo." Ndipo nikamsikia mdogo wangu, yule ambaye maneno hayakuwahi kumwishia, analia. Baba yako hakumwambia pole, hakumwambia jikaze. Aliitikia tu, "Ehe. Ehe." Kisha akamuuliza, kwa sauti ile ile ya kumuuliza mtu kama amekula, "Unafikiria kufa?"

Nilimvuta shati anyamaze. Nilijua anampa wazo. Akaniondoa mkono taratibu. Huko ng'ambo jibu lilikuwa ndiyo. Baba yako akauliza, "Nani yuko karibu nawe sasa hivi?" Hakukata simu mpaka mwenye nyumba wake alipokuja kukaa naye, na kesho yake asubuhi akapanda basi kwenda Mbeya. Akampeleka hospitali, akakaa naye mpaka dawa zikaanza kumkubali, akarudi amekonda.

Tuligombana aliporudi. Nilimwambia hana haya, hana kumbukumbu, amejifanya daraja la kukanyagwa. Nikamuuliza, "Huna hata hasira?"

Akasema, "Ninayo."

"Iko wapi?"

"Nimeiweka mahali. Ila kuitafuta kunachosha." Kisha akasema, "Mahali alipo Amba napajua. Nilishawahi kupanga chumba huko. Hakuna mtu ninayemchukia kiasi cha kumwacha alale humo peke yake."

Nikaingia jikoni. Lakini usiku na mchana likaanza kunisumbua jambo moja, nalo linaniudhi hadi sasa ninapoliandika. Nilichomfanyia mjomba wako kwenye simu ndicho alichomfanyia baba yako kwenye kipaza sauti. Tena yeye hakujua. Mimi nilijua. Nilikuwa nimepanga kulipiza kisasi kizuri, cha heshima, mbele za watu, kumbe kisasi nilichopata ni kuwa kama yeye. Na hilo nalo nimemwongezea kwenye hesabu yake. Asingenifanya nicheke hivyo.

Haya. Unakwenda. Kwa kuwa unakwenda, ufanye vizuri.

Atakutania. Huo ndio mlango wake, hana mwingine. Atakuambia amekuwa mzigo, atakuambia umwandalie suti ya mwisho, atasema na macho yanacheka. Wewe usicheke kwanza. Mwangalie, umuulize, "Mjomba, unamaanisha?" Ikiwa ni utani wa kweli atakudharau kidogo, atasema watoto wa Kihehe hamna maana, na hakuna atakayeumia. Na ukiona kuna kitu, muulize lile swali la baba yako, kwa maneno yale yale, bila kuzunguka. Nilikuja kumuuliza nesi wa kliniki, akaniambia swali halimpi mtu wazo. Wazo likiwepo linakuwepo, swali linampa mahali pa kulitua.

Kuna siku hataoga. Usimsute. Weka maji ya moto bafuni, mwambie yapo, uondoke. Kuna siku atakuwa mkali, atakuambia hakukuita. Ni kweli hakukuita. Kaa na masomo yako sebuleni, usibishane. Akitaka kutoka, tokeni, hata kama ni mpaka dukani tu na kurudi. Akisema jambo, hata la kijinga, hata linalochosha, mwache afike mwisho wa sentensi. Dawa akiziacha kwa kuwa ameona nafuu, usifanye siri, twambie, na mrudi kliniki.

Na hili nalisema kwa ukali, nataka ulisikie kwa ukali. Wewe si mlinzi wake. Umekwenda kusoma uhasibu. Ukiona uzito umekuzidi, ukianza wewe kutazama viatu vyako asubuhi, piga simu saa yoyote. Nitapanda basi mimi mwenyewe, nije na chuki yangu yote, niketi kwenye kiti chake nimwangalie. Maisha yake hayako mikononi mwako peke yako. Yakienda vibaya, Mungu apishe mbali, asije mtu akakutazama wewe. Wanitazame mimi.

Umewahi kuniuliza kama nitakuja kumsamehe, nikakujibu uende ukakoge. Jibu ninalo sasa. Ile ndoto ya msiba wake, ya macho makavu na kanga, nilijaribu kuirudia juzi pale barabarani ili nijifurahishe, ikakataa. Niliona turubai, nikaona watani wamekuja kama wanavyokuja kwenye msiba, mmoja anasimama anasema huyu naye kumbe alikuwa Mhehe, na watu wanacheka, na mimi nimekaa pale mbele. Nikagundua sitaki. Nataka awepo. Nataka anenepe, suti imtoshe, asimame kwenye sherehe ya ukoo mbele ya watu wale wale wa ile send-off, ashike kipaza sauti, na aseme kwa mdomo wake alichoambiwa uani kwa wapishi na alichokifanya nacho. Aseme mpaka mwisho wa sentensi. Nami niwe nimekaa mstari wa mbele, nimsikie, nimwone anavyotokwa jasho. Hicho ndicho kisasi ninachokitaka, na maiti hawezi kunipa.

Kwa hiyo mtunze. Usimtunze kwa ajili ya huruma yangu, sina. Mtunze kwa ajili ya deni.

Baba yako namsikia anafungua geti, na kwa sauti ya gunia ninavyoisikia, amekuletea shamba zima. Nafunga.

Ukifika kesho, mjomba wako atakuuliza kama dada yake amemtumia salamu. Atauliza kwa utani, lakini atakuwa anamaanisha. Mwambie nimesema sijamsamehe. Mwambie bado niko mbali sana, na mpaka siku nitakayomsamehe haruhusiwi kwenda popote.

Mama yako